Sura ya Tano: Matawi Mafupi

Pakiti ya maziwa ya nusu lita ikimponyoka mtoto dukani hudunda kidogo, hugeuka ubavu na kutulia sakafuni. Mara nyingi haipasuki. Ukiishika kona yake na kuivuta, plastiki haikatiki papo hapo: hurefuka kwanza, hupauka pale inapovutwa, na ndipo inakubali kuchanika. Dumu la lita 20 la kuchotea maji lina tabia nyingine kabisa. Ni gumu, husimama wima hata likiwa tupu, na ukilikunja mahali pamoja mara nyingi linabaki na kovu jeupe. Kandambili za povu nazo hubonyea chini ya kisigino, kisha zinarudi zilivyokuwa.

Vitu vyote vitatu vina asili moja: ethilini. Hii ni gesi isiyo na rangi, ile ile ambayo ndizi huitoa zinapoiva, na viwandani hupatikana kwa kuvunjavunja ethani au nafta kwa joto kali. Molekuli yake ina atomu mbili za kaboni na nne za hidrojeni, basi. Molekuli hizo zikiungana kwa maelfu huwa mnyororo, na minyororo ikirundikana huwa polithini. Tofauti ya dumu na pakiti haitokani na ethilini yenyewe. Inatokana na molekuli ngeni zilizochanganywa nayo, ambazo wanakemia huziita komonoma, na kichocheo kilichoamua molekuli hizo zikae wapi. Hesabu ya wageni ilieleweka mapema. Suala la mahali walipokaa liliwasumbua watu wa viwandani kwa miongo kadhaa.

Ili kuona kwa nini mahali pana uzito hivyo, inabidi kuitazama minyororo yenyewe inapopoa. Mnyororo usio na tawi hulala sambamba na wenzake, kama fito zilizonyooka zinavyofungika katika mzigo wa kuni uliokaza. Fito zenye vitagaa hazifungiki hivyo. Mzigo unabaki na nafasi katikati. Pale minyororo inapokaa sambamba hutokea fuwele ndogondogo, ngumu na nzito. Pale tawi linapozuia, minyororo hubaki imevurugika na laini. Polithini yoyote ni mchanganyiko wa maeneo hayo mawili, na mtu anayeunda plastiki mpya kwa kweli anagawa nafasi kati ya ugumu na ulaini.

Matawi yasiyoombwa

Polithini ya kwanza yenye manufaa haikuwa na kichocheo cha chuma wala komonoma. Machi 1933, katika maabara za kampuni ya ICI huko Winnington, karibu na Northwich nchini Uingereza, Reginald Gibson na Eric Fawcett waliibana ethilini pamoja na benzaldehidi kwa shinikizo kubwa mno, kwenye joto la nyuzi 170 za Selsiasi. Walitarajia vitu hivyo viwili viungane. Walichokuta ni utando mweupe kama nta, chini ya gramu moja. Majaribio ya kurudia yalikuwa ya hatari, na mengine yaliishia kwa mlipuko. Mwishoni mwa 1935 Michael Perrin na wenzake walifanikiwa kuipata tena, na baadaye ikajulikana kwamba oksijeni kidogo iliyokuwamo ndani ya gesi ndiyo iliyoanzisha mmenyuko.

Oksijeni huzaa radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni isiyo na mwenza, na radikali haina subira. Mnyororo unaokua kwa njia hiyo hujikunja, hunyakua hidrojeni kutoka mgongoni mwake wenyewe, na tawi linaota pale. Hakuna aliyeliomba tawi hilo. Matokeo yake ni polithini laini yenye densiti ya gramu 0.91 hadi 0.93 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilifunika nyaya za rada za Waingereza. Lakini mtengenezaji hakuwa na usemi mkubwa juu ya matawi: aliweza kubadili joto na shinikizo tu, kisha akapokea kilichotoka.

Usemi huo ulikuja miaka ya 1950, na ulikuja kutoka pande mbili za Atlantiki karibu kwa wakati mmoja. Huko Bartlesville, Oklahoma, Paul Hogan na Robert Banks wa kampuni ya Phillips Petroleum walikuwa wakitafuta namna ya kupata petroli kutokana na gesi. Mwaka 1951 waliongeza kromi kwenye kichocheo chao na kukuta bomba limezibwa na kitu kigumu cheupe. Kutokana na tukio hilo walifika kwenye kichocheo cha oksidi ya kromi juu ya silika, ambacho hadi leo hutengeneza sehemu kubwa ya polithini ngumu duniani.

Huko Mülheim, Ujerumani, Karl Ziegler alikuwa akirefusha minyororo ya ethilini kwa kutumia misombo ya alumini. Siku moja mwanafunzi wake, Erhard Holzkamp, alipata buteni tupu badala ya mnyororo mrefu. Walipofuatilia waligundua kwamba mabaki kidogo ya nikeli katika chombo cha chuma ndiyo yaliyokata mnyororo ulipofikia kaboni nne. Kama metali moja inakata, Ziegler alijiuliza, nyingine zinafanya nini? Wakaanza kuzijaribu moja baada ya nyingine. Heinz Breil alipata mnyororo mrefu kwa zirkoni. Oktoba 1953, Heinz Martin akatumia tetrakloridi ya titani, na polithini ikatengenezwa bila haja ya shinikizo kubwa. Ziegler aligawana Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 1963 na Giulio Natta wa Milano.

Komonoma kama dawa

Minyororo ya vichocheo hivi vipya ilikuwa imenyooka karibu kabisa. Densiti ilipanda hadi 0.96, na kiwango cha kuyeyuka kikafika kama nyuzi 135. Wateja walifurahia ugumu huo kwa muda mfupi. Vitu vilivyotengenezwa kwa polithini ya Phillips vilianza kupasuka polepole vikikaa chini ya mzigo, hasa vikiguswa na sabuni. Shehena iliyokuwa haiuziki ilipata mnunuzi asiyetarajiwa mwaka 1958, pale kampuni ya Wham-O ilipohitaji plastiki kwa ajili ya pete za kuchezea kiunoni, zile hula hoop zilizoivamia Marekani mwaka huo.

Dawa ya nyufa ilikuwa kurudisha matawi machache, safari hii kwa makusudi. Ethilini ilichanganywa na buteni kidogo. Buteni ina kaboni nne: mbili huingia kwenye mgongo wa mnyororo, mbili hubaki nje kama tawi fupi. Hekseni, yenye kaboni sita, huacha tawi la kaboni nne. Okteni, yenye nane, huacha tawi la kaboni sita. Ukiongeza komonoma hadi kama asilimia 8 au 10 ya uzito, densiti hushuka hadi karibu 0.92, na plastiki ngumu ya dumu inageuka kuwa karatasi laini ya pakiti.

Urefu wa tawi nao una neno lake. Karatasi iliyotengenezwa kwa hekseni au okteni hustahimili kuchanika na kuchomwa kuliko ile ya buteni, hata densiti zikilingana. Tawi refu kidogo halipenyi ndani ya fuwele. Kwa hiyo mnyororo hulazimika kutoka nje ya fuwele moja, kupita eneo laini, na kuingia katika fuwele nyingine. Minyororo ya namna hiyo ndiyo inayoshikanisha plastiki nzima. Pakiti inapovutwa na kupauka bila kukatika, minyororo hiyo ndiyo inayofanya kazi.

DuPont Canada iliingia katika biashara ya polithini hii ya matawi mafupi mapema, katika miaka ya 1960, na ndiyo pia iliyoingiza mifuko ya maziwa katika soko la Kanada mwaka 1967. Mapinduzi ya wingi yalikuja 1977, Union Carbide ilipotangaza mtambo wake wa Unipol wa kutengeneza polithini hii ndani ya gesi. Punje za kichocheo huelea katika mkondo wa ethilini na komonoma, kwenye joto lisilofika nyuzi 100 na shinikizo lisilozidi mara 20 hivi ya hewa ya kawaida. Njia ya zamani ya ICI ilihitaji zaidi ya mara elfu moja.

Hekseni na okteni zikageuka kuwa bidhaa zenye soko lao. Kampuni ya Sasol, huko Secunda nchini Afrika Kusini, huchuja hekseni kutoka katika mchanganyiko unaotokana na makaa ya mawe yaliyogeuzwa kuwa gesi kisha mafuta. Huko Qatar, tangu 2003, kuna kiwanda kinachounganisha ethilini tatutatu tu ili kupata hekseni, nacho hutumia kichocheo cha kromi. Mwaka 2004 watafiti wa Sasol walitangaza kichocheo kingine cha kromi kinachounganisha ethilini nnenne na kutoa okteni. Kwa maneno mengine, ethilini hutengenezewa komonoma kutoka kwa ethilini yenyewe, na kichocheo ndicho kinachoihesabia.

Tawi sahihi mahali pasipofaa

Kichocheo cha titani cha Ziegler kina kasoro moja ambayo haionekani kwa macho. Ni unga wa fuwele, na juu ya kila punje kuna sehemu nyingi zinazofanya kazi, wala hazifanani. Sehemu moja ina nafasi ya kupokea buteni bila shida, lakini huukata mnyororo mapema. Nyingine hujenga mnyororo mrefu sana, lakini ni finyu na karibu haipokei kitu isipokuwa ethilini. Kwa ujumla wake, kichocheo cha namna hii huipendelea ethilini kuliko buteni kwa makumi ya mara, na hekseni na okteni huzipokea kwa shida zaidi. Mwenye mtambo hulazimika kujaza komonoma nyingi ili kidogo tu iingie.

Hicho kidogo kinachoingia hukaa pabaya. Matawi hurundikana kwenye minyororo mifupi, na minyororo mirefu inabaki mitupu. Minyororo mifupi yenye matawi mengi haiwezi kufunga fuwele moja na nyingine. Hupanda juu ya karatasi na kuifanya inate, au huyeyukia ndani ya mafuta ya chakula kilichofungwa humo. Wanakemia wawili wanaweza kupima plastiki mbili, wakapata kiasi kile kile cha hekseni na densiti ile ile, kisha moja ikawa imara na nyingine ikawa ya hovyo.

Komonoma hizi zina tabia nyingine inayoshangaza. Peke yake, hekseni huungana polepole kuliko ethilini. Ungetarajia kwamba kuichanganya kungepunguza mwendo wa kazi. Mara nyingi hutokea kinyume: hekseni ikiongezwa, kichocheo huimeza ethilini kwa kasi zaidi kuliko kilivyoimeza ilipokuwa peke yake. Wapo wanaosema plastiki yenye matawi ni laini, kwa hiyo gesi hupenya kwa urahisi hadi kwenye kichocheo. Wapo wanaosema komonoma huamsha sehemu zilizokuwa zimelala. Mjadala haujafungwa. Lakini kasi hiyo ina gharama yake, kwa sababu mara tu baada ya komonoma kuingia, mnyororo una uwezekano mkubwa zaidi wa kukatika. Plastiki inatoka haraka ikiwa na minyororo mifupi zaidi.

Katika mabomba ya maji, kasoro ya mahali ilitibiwa kwa ujanja wa mitambo. Mabomba meusi yenye mstari wa bluu, yanayofika mtaani yakiwa yameviringishwa, hubeba alama ya PE100. Namba hiyo inamaanisha kwamba plastiki yake imethibitishwa kuhimili mkazo wa megapaskali 10 kwa miaka 50 kwenye joto la nyuzi 20. Hutengenezwa katika matangi mawili yaliyofuatana. Katika tangi moja hutoka minyororo mifupi isiyo na komonoma, inayotoa ugumu. Katika la pili, kichocheo kile kile hupewa komonoma na kuachwa kijenge minyororo mirefu sana. Matawi yanawekwa kwa nguvu pale ambapo kichocheo chenyewe kisingeyaweka. Teknolojia ya Borstar, iliyoanza Porvoo nchini Finland katikati ya miaka ya 1990, ni ya aina hiyo, na ndiyo inayotumika Ruwais, Abu Dhabi, katika mitambo ya Borouge.

Mlango mmoja tu

Njia nyingine ilikuwa kukibadili kichocheo. Hamburg, katikati ya miaka ya 1970, wanafunzi wa Hansjörg Sinn na Walter Kaminsky walikuwa wakichunguza mchanganyiko wa titanosini na trimethilalumini, ambao kwa kawaida hauwezi kuunganisha ethilini. Maji kidogo yakaingia humo. Kwa mafunzo ya wakati huo, maji yalikuwa sumu ya vichocheo vya Ziegler. Badala ya kufa, mchanganyiko ulianza kumeza ethilini kwa nguvu. Maji yalikuwa yameungana na trimethilalumini na kuzaa kitu kipya, methilaluminoksani. Kilipounganishwa na zirkonosini, molekuli yenye atomu moja ya zirkoni iliyobanwa kati ya pete mbili za kaboni, matokeo yalikuwa makubwa: gramu moja ya zirkoni ilitoa takribani tani 40 za polithini kwa saa.

Kasi ilivutia, lakini watu wa viwandani walitamani kitu kingine. Katika metalosini, yaani vichocheo vya ukoo wa zirkonosini hiyo, kila molekuli ni sawa na mwenzake. Hakuna sehemu pana na sehemu finyu. Kuna mlango mmoja uliorudiwa mara bilioni. Kwa hiyo kila mnyororo, mfupi au mrefu, hupata matawi kwa uwiano ule ule. Exxon ilianza kuuza polithini ya metalosini mwaka 1991. Dow nayo iliondoa pete moja kati ya mbili na kuweka daraja la silikoni na naitrojeni. Mlango ukapanuka, okteni ikaingia kwa wingi, na densiti ikashuka chini ya 0.88. Hapo polithini huacha kuwa plastiki na kuanza kunyumbuka kama mpira.

Ulinganifu huo nao ulikuja na tatizo lake. Minyororo yote ikifanana, plastiki ikiyeyushwa inakuwa nzito kupita kwenye mashine, kwa sababu haina minyororo mifupi ya kuilainisha. Vichocheo vya Dow vilisaidia kwa namna ya pekee: mlango wao ni mpana kiasi cha kupokea hata mnyororo uliokwisha kukatika, ukaingia tena kama tawi refu na kurahisisha uchakataji.

Mgeni mwenye oksijeni

Yote haya yanahusu komonoma za kaboni na hidrojeni peke yake. Kandambili za povu zina habari tofauti. Nyingi hutengenezwa kwa EVA, kopolima ya ethilini na vinili asetati. Vinili asetati ina oksijeni, na titani na zirkoni huipenda oksijeni kupita kiasi. Zikikutana nayo hushikamana nayo na kazi inasimama. Kwa sababu hiyo EVA bado hutengenezwa kwa ukoo wa njia ya 1933, kwa radikali huru na shinikizo la zaidi ya mara elfu moja ya hewa.

Hapa radikali iliyoleta matawi yasiyoombwa ina faida. Haichagui. Mbele yake ethilini na vinili asetati ziko karibu sawa, kwa hiyo mchanganyiko unaoingia kwenye mtambo ndio unaotoka ndani ya mnyororo. Ukilisha asilimia 5 ya vinili asetati unapata karatasi laini ya kufungia. Ukilisha kama 28 hadi 33 unapata tabaka angavu linaloshikilia seli ndani ya paneli za sola.

Kichocheo cha metali kinachovumilia oksijeni kimetafutwa kwa muda mrefu. Maurice Brookhart na wenzake, katika Chuo Kikuu cha North Carolina, walitumia paladi, ambayo haiitamani oksijeni kama titani. Mwaka 1996 walionyesha kwamba inaweza kuunganisha ethilini na methili akrilati. Kulikuwa na jambo la ajabu: kichocheo chao hutembea nyuma juu ya mnyororo kilichoujenga na kuanza tena katikati, hivyo matawi hutokea hata bila komonoma, na akrilati huishia kwenye ncha za matawi. Kazi ilikuwa ya polepole, na paladi ni ghali. Viwanda vya EVA havikuhamia huko.

Kupanga kwa mafungu

Hatua iliyofuata ilikuwa kuacha kutawanya matawi na kuyapanga kwa mafungu ndani ya mnyororo mmoja: kipande kigumu kisicho na matawi, kipande laini chenye okteni nyingi, kigumu tena. Mwaka 2006 Daniel Arriola na wenzake wa Dow walichapisha njia yao. Waliweka vichocheo viwili katika tangi moja, cha zirkoni kinachoikataa okteni na cha hafni kinachoipokea, kisha wakaongeza diethilizinki. Zinki huuchukua mnyororo kutoka kichocheo kimoja na kuupeleka kwa kingine, ukaendelea kukua kwa mtindo mwingine. Plastiki iliyotoka ni laini kama mpira, ilhali huyeyuka kwenye nyuzi kama 120. Kopolima ya densiti hiyo hiyo yenye okteni iliyotawanyika ovyo huwa imekwisha kuyeyuka muda mrefu kabla ya hapo.

Miaka kumi na moja baadaye, kundi la Geoffrey Coates wa Cornell na Frank Bates wa Minnesota lilitumia wazo la mafungu kwa tatizo la taka. Polithini na polipropilini hazishikamani. Zikiyeyushwa pamoja, kama inavyotokea takataka zisipochambuliwa, hutoa plastiki inayovunjika kirahisi. Wao walitengeneza mnyororo wenye vipande vinne, viwili vya polithini na viwili vya polipropilini, kwa kichocheo cha hafni. Asilimia moja tu ya mnyororo huo iliufanya mchanganyiko uliokuwa ukikatika uanze kuvutika.

Kizuizi kilikuwa kichocheo chenyewe. Ili vipande vipangwe kwa usahihi huo, kila molekuli ya kichocheo hujenga mnyororo mmoja tu na haiachii. Katika mitambo ya kawaida molekuli moja hujenga maelfu kwa maelfu ya minyororo kabla ya kuchoka. Gharama ya hafni iliyomo katika kila kilo ya bidhaa ndiyo inayoamua kama nyongeza hiyo itafika kwenye mashine za kuchakata plastiki. Ndiyo maana maabara kadhaa sasa zinajaribu kufikia mpangilio ule ule kwa ujanja wa zinki, au kwa vichocheo vinavyoweza kuuachia mnyororo na kuanza mwingine.